Bariumu au endoskopi: mtoto wa Bukavu anayeshukiwa polipu tumboni

Mzazi wa Kadutu au Ibanda akiambiwa achague, bei humvuta kwenye picha ya bariumu. Mtoto anakunywa uji mweupe, anapigwa radiografi, hahitaji dawa ya usingizi. Tatizo ni kwamba polipu (kiuvimbe kinachoota ukutani mwa tumbo au utumbo) ikiwa ndogo hupita bila kuonekana, na chakula kilichobaki tumboni huweza kudhaniwa polipu. Tena picha haichukui kinyama cha kupimwa maabara. Isitumike kabisa utumbo ukishukiwa kutoboka.

Endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, ni jambo jingine. Mtoto hafungi kikatili, ila saa zake zifuatwe: chakula kiachwe kwa muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Akilishwa kwa huruma njiani, anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Daktari huona, huchukua kinyama, na mara nyingi huiondoa polipu papo hapo kwa kitanzi cha waya. Ikiwa bapa, hudungwa kwanza maji ya chumvi chini yake ili iinuke, maana ukuta wa duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) ni mwembamba na hutoboka upesi. Baadaye choo cheusi, kutapika damu au tumbo gumu ni kurudi hospitali usiku huohuo.

Kwetu sisi, endoskopi kwanza, mradi kuna mtaalamu wa usingizi wa watoto na jenereta. Bariumu ikitangulia, huziba kioo cha kamera, lazima kusubiri. Lakini mtoto mwenye madoa meusi midomoni huenda ana polipu ndani zaidi, mahali kamera ya tumbo haifiki. Hapo bariumu bado husaidia.