Kusawazisha kipimo cha betri ya kompyuta mpakato: zana ya Lenovo Vantage mbele ya mgao wa umeme wa Lubumbashi

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo sichambui kompyuta nzima, bali nachambua jambo moja ndani yake ambalo wengi wetu hapa Lubumbashi tunalipangia siku, nalo ni ile asilimia ya chaji inayoonekana kwenye kona ya skrini. Kompyuta iliyo mezani ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ya mtumba kama zilivyo nyingi zinazouzwa mjini, na zana ninayoichambua imo ndani ya programu ya Lenovo Vantage, nayo inaitwa Battery Gauge Reset. Kazi yake ni kusawazisha kipimo cha betri, ili namba inayoonyeshwa ilingane na chaji iliyopo kweli. Nitailinganisha na njia ya mkono isiyohitaji programu yoyote, na hukumu yangu naitoa mapema: zana ni nzuri, lakini imebuniwa kwa ajili ya nyumba ambayo umeme haukatiki, na kwa mkazi wa mitaa yetu kama Katuba au Ruashi njia ya mkono inafaa zaidi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi anamalizia usiku TFC yake, yaani andiko lake la kuhitimu masomo, skrini inamwambia kuwa bado ana asilimia 25, naye anaamini ana muda wa kutosha kufunga sura ya mwisho. Kisha kompyuta inazimika bila onyo. Asubuhi anampelekea fundi, na mara nyingi anaambiwa kwamba betri imekufa. Huenda imechoka kweli, lakini kuzimika ghafla wakati namba bado iko juu kunaonyesha kwanza kwamba hesabu imepotoka, na hesabu iliyopotoka hurekebishwa bila kununua kitu.

Ndani ya pakiti ya betri mna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kuhesabu. Mkondo wote unaoingia na kutoka hupitishwa kwenye kipande kidogo chenye ukinzani mdogo sana, na chipu hujumlisha unaoingia na kutoa unaotoka, mchana na usiku, bila kuwa na jicho la kutazama ndani ya seli. Ni kama mwenye depo ya unga anayeandika magunia yanayopita mlangoni lakini haingii stoo kuyahesabu: kosa la gunia moja leo na nusu gunia kesho halionekani, mpaka siku mteja anapotaka magunia ambayo daftari linasema yapo na stoo inasema hayapo. Kusawazisha kipimo ni kumlazimisha aingie stoo.

Pengine mtauliza kwa nini chipu isisome volti tu na kujua kilichobaki. Seli ya kawaida ya lithiamu huwa na volti 4.2 ikijaa, na mashine huacha kuitumia inapokaribia volti 3, lakini katikati ya safari hiyo volti hushuka polepole mno, kwa muda mrefu ikizungukazunguka karibu na 3.7, hivi kwamba tofauti ya asilimia 60 na asilimia 45 ni ndogo sana. Isitoshe, volti hulegea kila processa inapofanya kazi nzito, na hulegea zaidi kwenye betri iliyozeeka kwa sababu ukinzani wake wa ndani umeongezeka. Kwa hiyo volti husema ukweli mahali pawili, yaani kwenye ncha mbili za safari, na pia wakati betri imepumzishwa kwa saa kadhaa. Katika nyingi ya seli hizi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu Kongo, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Huenda basi mawe ya betri unayoilalamikia yalipita kwenye barabara ya Likasi kabla ya kurudi kwako kwa meli.

Tuchukue mfano wa hesabu. Betri ya nyuma ya T480 iliyokuwa na wati-saa 48 (kipimo cha nishati inayohifadhiwa) ilipokuwa mpya, sasa ina uwezo wa wati-saa 30 tu, lakini chipu bado inaamini kuwa ni 40. Ukitumia zote 30, chipu inaona zimebaki 10 kati ya 40, nayo inakuandikia asilimia 25 kwenye kona ya skrini sekunde chache kabla ya giza. Kosa laweza pia kwenda upande wa pili: chipu inaamini ni 30 na kumbe ni 40, na hapo Windows inaihifadhi kazi yako na kuizima kompyuta huku theluthi moja ya kile ulichokidhani ndicho chote bado imo ndani. Kosa la upande huu halilalamikiwi sana, kwa kuwa halimpotezei mtu maandishi, lakini linamnyima muda ambao ni wake.

Mgao wa umeme ndio unaoukuza ugonjwa huu mjini kwetu. Chipu nyingi hujifunza uwezo halisi wa betri pale tu zinapoona safari nzima, kutoka kujaa hadi kukaribia kwisha, bila chaji kuingilia katikati. Sisi safari hiyo hatuzipi. Umeme unakatika betri ikiwa asilimia 100, unarudi ikiwa 60, unakatika tena ikiwa 85, na hivyo miezi inapita chipu ikiona vipande vya safari tu. Wenye onduleur, yaani kifaa kinachoupa nyumba umeme kutoka betri kubwa, na wenye paneli za jua nao wana hali yao: kompyuta inakaa kwenye chaja wiki nzima, na stoo haifunguliwi kamwe.

Sasa zana yenyewe. Lenovo Vantage hupatikana bure katika Microsoft Store, ingawa megabaiti zake utazinunua, na ndani yake, kwenye sehemu ya umeme na betri, unachagua betri gani isawazishwe. Uchaguzi huo ni muhimu kwa T480, kwa sababu ina betri mbili, moja ya ndani ya wati-saa 24 na nyingine ya nyuma inayochomoka, na asilimia unayoiona kwa kawaida ni jumla ya zote mbili. Betri moja inayodanganya inaweza kujificha nyuma ya mwenzake kwa muda mrefu. Ukishaanzisha zoezi, programu huijaza betri, huimaliza huku chaja ikiwa imechomekwa, kisha huijaza upya, nawe unaweza kuendelea na kazi nyepesi. Sijui njia nyingine ya Windows iliyo rahisi kuliko hiyo kwa mtu asiyependa kugusa mipangilio. Wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows wana amri ya tlp recalibrate inayofanya kazi inayofanana na hiyo kwenye ThinkPad, na mimi naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha kinachoendelea hatua kwa hatua.

Hata hivyo, Vantage na tlp zote mbili zinadai chaja ibaki na umeme kwa saa nyingi mfululizo. Umeme ukikatika katikati, zoezi linakatika, na likikatika betri ikiwa karibu na sifuri, kompyuta inaweza kuzimika na kazi iliyokuwa wazi ikaenda nayo. Mwenye onduleur atasema kwamba yeye amejikinga, na ni kweli, ila afikirie pia gharama: anatoa umeme kwenye betri kubwa za nyumba ili kuijaza betri ya kompyuta ambayo imemalizwa kwa makusudi, katika jioni ambayo labda friji na taa zinaudai umeme huohuo. Mimi nisingefanya hivyo isipokuwa mchana, jua likiwa kali.

Njia ya mkono inaugeuza mgao kuwa msaidizi, kwa kuwa nusu yake ya kwanza inahitaji umeme usiwepo. Kabla ya yote, kama umeweka kikomo cha kuchaji, kwa mfano asilimia 80, kiondoe, kwa sababu betri isiyojaa haitampa mwenye depo ncha ya juu. Ijaze hadi 100 wakati umeme upo, uiache kwenye chaja kama saa 2 zaidi ili seli zitulie, kisha chomoa chaja au subiri umeme ukatike wenyewe. Fanya kazi zako za kawaida mpaka ifike karibu na asilimia 10, hifadhi kila kitu, nakili TFC yako kwenye flashi, halafu iwashe upya na kubonyeza F1 ili uingie kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, na uiache hapo. Sababu ya kuipeleka BIOS ni kwamba Windows, kama nilivyosema, huizima kompyuta chipu inapodai kuwa chaji imekwisha, na chipu hiyo ndiyo tunayoishuku. Kwenye BIOS hakuna wa kuizima mapema, na mashine huendelea mpaka volti zenyewe ziikate. Kompyuta za makampuni mengine hutumia F2, F10 au Delete badala ya F1.

Ikishazimika, usikimbilie chaja. Texas Instruments, ambayo ni miongoni mwa makampuni makubwa yanayotengeneza chipu hizi, inapoeleza jinsi ya kuzifundisha zile za aina ya Impedance Track, hutaka betri itulie kama saa 2 baada ya kujaa na kama saa 5 baada ya kwisha, kwa sababu ndipo volti inapotulia na kuonyesha hali halisi ya seli. Wengi huruka mapumziko haya, kisha husema kwamba njia haifanyi kazi. Baada ya hapo ijaze moja kwa moja hadi 100 bila kukatisha, na kwa hatua hii chagua saa ambazo mtaa wako huwa na umeme wa uhakika. Wengi wetu tunazijua, na kwa baadhi ya mitaa ni usiku wa manane. Umeme ukichelewa kurudi siku moja au mbili, betri haitaharibika, lakini usiisahau ikiwa tupu kwa wiki kadhaa, maana seli huendelea kuvuja kidogokidogo na zikishuka chini mno saketi ya ulinzi inaweza kukataa kuzichaji tena.

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kufanya lolote kati ya haya. Ukiona kipadi cha kugusa kimeinuka, au mfuniko wa chini umebinuka, betri imevimba. Izime, iondoe au umpe fundi aiondoe, wala usiijaze wala kuimaliza.

Ili kujua kama zoezi limezaa kitu, linganisha ripoti ya kabla na ya baada. Fungua dirisha la kuandikia amri, linaloitwa Invite de commandes kwa wenye Windows ya Kifaransa, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea faili unayoweza kuifungua kwa kivinjari bila kutumia hata megabaiti moja. Tazama mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo ambao betri ilizaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo ambao chipu inaamini umebaki. Baada ya kusawazisha, namba ya pili inaweza kupanda, lakini kwa betri ya mtumba mara nyingi hushuka, na hapo watu hukasirika wakidhani wameiharibu betri. Hawajaharibu chochote, uwezo huo ulikuwa umekwisha kuondoka, na sasa daftari limekiri. Yeyote anayekuuzia usawazishaji kama dawa ya kurudisha uwezo wa betri anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Ripoti hiyohiyo niiombee nafasi sokoni. Ukinunua kompyuta ya mtumba, mwombe muuzaji aitoe mbele yako, na uwe na shaka pale namba hizo mbili zinapolingana kabisa huku mashine ikiwa na umri wa miaka mingi. Inaweza kuwa betri mpya, lakini inaweza pia kuwa betri ya kuiga yenye chipu isiyojifunza kitu, ambayo itaendelea kusema imejaa uwezo mpaka siku inapokufa.

Usifanye zoezi hili kila wiki. Kila safari nzima hula mzunguko mmoja wa maisha ya betri, na betri nyingi za kompyuta mpakato hukadiriwa kuvumilia mizunguko kati ya 300 na 500 kabla ya kupungua waziwazi, ingawa Apple hutaja 1000 kwa MacBook za sasa. Lifanye pale namba inapoanza kuruka, kwa mfano kutoka 40 hadi 12 kwa dakika chache.

Na kama namba inaendelea kuruka hata baada ya kusawazisha vizuri na kwa mapumziko yake yote, basi seli zenyewe zimechoka, na pengine moja imedhoofika kuliko wenzake na kuliangusha kundi zima. Hapo nunua betri. Kwa T480 anza na ile ya nyuma, kwa sababu inatoka kwa kusukuma vishikizo viwili chini ya kompyuta bila bisibisi. Kwa ya ndani utalazimika kuufungua mfuniko wote wa chini, na kabla ya kufanya hivyo ingia BIOS uizime betri ya ndani kwenye menyu ya Config, sehemu ya Power, ili usifanye kazi juu ya bodi yenye umeme.