Jina la asili na jina la sifa: Rungwe na Iringa

Tazama orodha ya matokeo iliyobandikwa shuleni Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa Wanyakyusa: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwambene, Mwandosya. Hiyo Mwa- ni sawa na kusema "wa kwa fulani". Jina linakutaja kwa mzee wa ukoo, hata kama mzee mwenyewe hakuna anayemkumbuka sura. Mtu wa Rungwe akilisikia ukiwa Dar, swali linalofuata ni moja tu: "Wa wapi, ndugu yangu?"

Iringa jina kubwa kuliko yote, Mkwawa, lilianza kwa njia nyingine. Ni kifupi cha Mkwavinyika, jina la sifa, yaani mtwaa nchi. Aliyelibeba, mtemi wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akafa 1898, na fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, likarudishwa nyumbani 1954. Sifa ya mtu mmoja ikawa jina la familia: mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge letu.

Lakini liandike kwa ukamilifu: Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Lake, la baba, la ukoo. Na Mwa- ileile ipo, ya Muyinga! Hapo ndipo moyo wangu unapoegemea. Sifa huhitaji shujaa wa kuibeba. La ukoo humpokea hata mtoto wa jana.

Ndiyo maana inaniuma wazazi wanapojaza fomu ya kizazi wakaishia jina la baba. Mtoto aitwe Atupele, "ametupa", au Lugano, "upendo", lakini Mwa- yake iandikwe.