Rangi za udongo za kuchorea: ununue ipi kwanza

Neno "asili" kwenye kopo la rangi lisikupe usingizi. Zingefuri, ile nyekundu kali ya zamani, ni madini ya asili kabisa, yanachimbwa ardhini, na ndani yake mna zebaki. Rangi ya udongo ni salama kwa sababu wekundu na umanjano wake unatokana na chuma, kutu tu. Basi kabla ya kuuliza bei, tafuta kwenye lebo namba ya kimataifa inayotambulisha rangi: PY43 ni udongo wa manjano, PR102 ni ngeu, yaani udongo mwekundu, PBr7 ni kahawia, PW18 ni chaki. Kopo lisilo na namba mimi silinunui, hata liwe limechorwa majani mazuri namna gani.

1. Poda, uchanganye mwenyewe. Hela yako ianzie hapa. Nunua manjano ya PY43 na chaki, basi, nyekundu utaipika. Weka kijiko kimoja cha poda ya manjano kwenye kifuniko cha bati juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba. Pembeni inaanza kugeuka chungwa, halafu rangi ya tofali, mpaka kijiko chote kinakuwa ngeu. Maji yaliyofungwa ndani ya madini yametoka, na ikipoa hairudi tena kuwa manjano. Wanafunzi wangu hulizunguka jiko hilo kimya kabisa.

Kuichanganya si kazi kubwa. Gundi ya mgunga sehemu moja, maji ya moto sehemu mbili, ilale usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Ongeza asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Kisha saga poda pamoja na gundi hiyo juu ya kioo kwa jiwe laini. Mwanzoni inakwaruza kama mchanga kwenye sahani, ikinyamaza, imeiva.

Hatari iko kwenye vumbi. Vaa barakoa, hasa kwa kahawia iliyokolea, kwani baadhi yake ina manganizi. Watoto wapewe rangi ikiwa tayari imelowa.

Na inadumu. Pale Kolo, Kondoa, michoro myekundu ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilipakwa kwa rangi za aina hii.

2. Vidonge vya rangi za maji. Havina vumbi, vinaingia mfukoni, vinafaa kwa anayechora safarini. Ila soma namba hata hapa: vingi vyenye jina la udongo vimeandikwa PY42 au PR101, yaani oksidi ya chuma ya kiwandani. Haina sumu na ni nzuri, lakini usiilipie bei ya udongo.

3. Sanduku la watoto. Tafuta alama ya usalama, AP ya Marekani au EN 71 ya Ulaya. Ukiipata, nunua kwa amani kwa wadogo wa chekechea. Kwa mchoraji mwenye nia, rangi yake ni hafifu mno.

4. Oksidi ya sakafu kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Rahisi kuliko zote, na nyekundu yake inashika vizuri. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya saruji, na lebo haikwambii usafi wake. Mimi naitumia ukutani tu, peke yangu, darasani haiingii.

Kama mfuko hauruhusu chochote kati ya hivi, chimba. Kaa mbali na gereji, kingo za barabara kubwa na machimbo madogo ya dhahabu, maana huko madini ya risasi na zebaki huzama udongoni. Koroga udongo kwenye ndoo ya maji, hesabu mpaka thelathini mchanga utulie, mimina maji yenye rangi kwenye beseni jingine, uyaache. Kesho yake mwaga maji ya juu, anika tope la chini juani. Likikauka, lisugue kidoleni: likiwa laini kama unga wa ngano, lipeleke kwenye kioo.