Baiskeli ya zamani Marekani: kabla hujatoa pesa, omba picha ya ringi

Mwezi wa tano mwaka jana nilitoa dola 180 kwa Schwinn nyekundu, baiskeli ya Kimarekani ya miaka ya sitini. Nimeipanda siku mbili na nusu. Hadi ninavyoandika hapa imesimama gerejini imetupiwa shuka, na Baba Neema akipita karibu nayo anakohoa kile kikohozi chake cha "nilikwambia".

Sisi tunakaa Davenport, Iowa. Ukipanda kidogo kando ya mto Mississippi unafika LeClaire, kamji kadogo ambako Mike Wolfe ana duka lake, Antique Archaeology. Ndiye yule wa American Pickers, kipindi kilichoanza Januari 2010 kwenye chaneli ya History: mwanzoni walikuwa wanaume wawili na gari lao jeupe, wanazunguka mashambani, wanaingia kwenye mabanda ya watu, wanatoka na mabango, pikipiki na baiskeli zilizoota kutu. Wolfe mwenyewe kabla ya televisheni alikuwa mtu wa baiskeli, aliwahi hata kuwa na duka la kuziuza, kwa hiyo baiskeli hazikosi kwenye kipindi. Huku kwetu kila mwenye banda amekitazama. Na kila aliyekitazama anaamini bandani kwake kuna hazina.

Muuzaji wangu alikuwa mzee wa shamba, mstaarabu, alinikaribisha hadi chai ya baridi. Nilipoomba apunguze kidogo akatoa simu, akanionyesha kipande cha kipindi. Baiskeli nyekundu kama ile, na kwenye skrini maandishi: tumenunua kwa kiasi hiki, thamani yake kiasi hiki. "Unaona?" Niliona. Niliona tanki lake la urembo, lile kama la pikipiki, taa yake ya mbele, kutu iliyokaa kama urembo. Matairi sikuyatazama. Yalikuwa na upepo, basi.

Siku ya tatu la nyuma lilichanika ubavuni kama chapati ya juzi. Sikuhangaika. Kwenye tairi palisomeka 26 x 1¾, yaani inchi, nikaenda dukani nikarudi na mapya mawili ya 26 x 1.75. Mtoto wa darasa la tano anajua robo tatu ni nukta sabini na tano.

Ng'ambo ya mto, Rock Island, tuna fundi mzaliwa wa Uvira anayetengeneza baiskeli za watoto wetu uani kwake. Alihangaika na vile vijiko vyake viwili vya kubandulia tairi, akaloweka tairi kwa maji ya sabuni, akapiga goti juu ya ringi. Mwishoni akaviweka vijiko chini, akapangusa mikono. "Mama, huu mpira si wake."

Na kweli haukuwa wake. Tairi la 1.75 kwa nukta linakaa kwenye ringi ya milimita 559, kipenyo cha pale tairi linapokalia. Tairi la 1¾ kwa sehemu, lile la Schwinn, linataka ringi ya milimita 571. Tofauti ni milimita 12, na waya ulio ndani ya tairi hauvutiki hata milimita moja.

Kuna lililo baya zaidi ya hilo. 26 x 1 3/8 ya Raleigh ni milimita 590. 26 x 1 3/8 ya Schwinn ni milimita 597. Yameandikwa vilevile, tarakimu kwa tarakimu, na hayaingiliani. Kinachoyatofautisha ni vialama vidogo: Schwinn wao huandika S-6 kwa hiyo ya 597 na S-7 kwa ile ya 571. Alama hiyo imegongwa kwenye ringi, na mara nyingi imefunikwa na kutu ile ile unayolipia kwa sababu televisheni imesema ni nzuri.

Miongozo mingine itakwambia uangalie rangi, namba ya fremu, kiti na mwaka. Sawa, angalia. Mimi nimeamua kukusumbua na kitu kimoja tu, tairi, kwa sababu ndicho kitu ambacho kwenye kipindi hakuna anayekigusa. Pale baiskeli inatolewa bandani, inapigwa picha, inapakiwa, safari yake inaishia ukutani au kwenye dirisha la duka. Ukutani haihitaji upepo. Wewe na mimi tunataka kupanda kwenda dukani.

Ule mstari wa "thamani" nao tuelewane. Ni makadirio ya watu wanaotarajia kuuza kwa faida. Hakuna aliyelipa pesa ile siku ile, na mwenye banda amepokea ile ndogo ya kwanza. Wauzaji wetu wameruka ya kwanza wakaishika ya pili. Nionavyo mimi, kipindi hakijapandisha bei ya kila baiskeli kuukuu iliyoko Iowa. Kilichopanda ni matumaini ya mwenye nayo, na anayeyalipia ni mnunuzi asiyejua, kama mimi wa mwezi wa tano.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninayoipenda. Na ndiyo, napendelea. Mimi ni mtu wa Raleigh na sitaomba radhi.

1. Raleigh Sports ya gia tatu

Babu yangu Nzega alikuwa na Raleigh, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuigusa kabla hajanawa mikono. Kwa hiyo usije ukadhani mwamuzi hapa hana upande. Lakini hata ukimweka babu pembeni, kwa pesa hizi hujapata kitu bora zaidi.

Imetengenezwa Nottingham, Uingereza, na ziliingia Marekani kwa wingi miaka ya sitini na sabini, hivyo bado zimejaa kwenye gereji za watu. Gia zote tatu zimefichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa na Sturmey-Archer, ile aina yao inayoitwa AW, ambayo ilianza kutengenezwa 1936. Inama uitazame habu hiyo. Juu yake pamegongwa mwaka na mwezi ilipotengenezwa: ukikuta 66 na 3, ni Machi 1966. Muuzaji anaweza kukwambia ni ya vita vya pili vya dunia akitaka, habu itamsuta. Ila ujue gurudumu linaweza kuwa lilibadilishwa, kwa hiyo habu ni shahidi mmoja, fremu ni mwingine. Pembeni ya habu kuna kitundu chenye kifuniko cha kutilia mafuta. Tia mafuta mepesi, zungusha, sikiliza. Ukisikia tik-tik-tik ya taratibu, mambo ni mazuri. Ikiwa kimya kabisa na gia hazibadiliki, usiogope sana, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda au kiwaya kilicholegea, na fundi anaimaliza kabla chai haijapoa.

Tairi ni milimita 590. Linauzwa, jipya, bila kutafuta mnada wala mjukuu wa mtu.

Ubaya wake: mikono ya pedeli imeshikwa na pini za chuma ambazo zikikwama zinataka nyundo na subira, na nyuzi za nati nyingi za Raleigh ni za kwao wenyewe, kwa hiyo nati ikidondoka kwenye majani, itafute mpaka uipate.

Kwa nini bado bei yake ina akili? Kwa sababu haina tanki, haina honi, haina mapezi kama ya gari. Ni nyeusi, au kijani, au kahawia, imenyooka kama mwalimu mkuu. Kwenye televisheni haivutii. Mimi ikiwa nzima sitoi zaidi ya dola 150, na nimewahi kupata ya mama mmoja aliyekuwa anahama kwa 60 na pampu juu.

2. Raleigh DL-1

Hii ndiyo baba lao. Ukiiona utacheka, maana unaijua: magurudumu makubwa ya 28, breki za fito za chuma, madigadi marefu, umeketi wima kama diwani. Mjukuu wake ndiye black mamba wa Kenya, na Phoenix ya Kichina iliyobeba nusu ya mahindi ya Tanzania ni wa ukoo huo huo.

Tairi ni 28 x 1½, milimita 635. Hapa Marekani inabidi uagize. Nyumbani limening'inia dukani pamoja na ndoo na kamba. Kaka yangu alipokuja kututembelea nilimwambia aache dagaa, alete tyubu mbili. Alileta vyote.

Inashika namba mbili kwa sababu huku ni adimu kuliko Sports, anayeijua anaipandishia, na kwa sababu breki zile kwenye ringi ya chuma siku ya mvua ni dua tu.

3. Schwinn za uzito wa kati

Ndiyo, hii hii iliyo chini ya shuka. Baiskeli yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya Chicago, fremu yake utairithisha, breki yake ya kukanyaga kinyumenyume haina cha kuharibika. Matairi ya S-7 bado yanatengenezwa, tafuta yaliyoandikwa 571 ubavuni. Yangu nimeagiza, nasubiri. Ukitaka Schwinn nyepesi ya gia tatu, mara nyingi utaangukia S-6, milimita 597, chaguo ni dogo. Chochote anachotaka muuzaji, toa kwanza gharama ya matairi mawili na tyubu mbili, ndipo muanze kuongea.

4. Schwinn za matairi manene, Phantom na ndugu zake

Haki lazima isemwe: kwa kipimo changu hizi zinafaulu. Schwinn ndio walioleta tairi nene Marekani mwaka 1933, na 26 x 2.125 ni milimita 559, ringi ile ile ya yale matairi ambayo mimi nililazimisha kwenye ringi isiyo yake. Unalipata popote.

Zinafelia kwenye bei, na hapo ndipo mkono wa televisheni unaonekana wazi. Black Phantom ilitengenezwa 1949 hadi 1959, ina tanki, honi, taa, kromu ya kujitazama kama kioo. Kamera inaipenda. Nzima na ya asili utaombwa zaidi ya dola elfu moja bila aibu. Halafu mwaka 1995, kampuni ilipotimiza miaka 100, walitoa Phantom mpya zenye sura ile ile, na leo nazo zina umri wa kutosha kushika vumbi. Vumbi la bandani halina cheti cha kuzaliwa.

Ila kinachoniuma zaidi kwa hizi ni kuchinjwa. Watu wamegundua tanki peke yake linauzika, taa inauzika, kiti kinauzika. Basi wanaivua baiskeli kipande kipande, wanauza kila kipande mtandaoni, kisha wanakuja kukuuzia fremu tupu kwa bei ya baiskeli nzima wakisema "inahitaji kumaliziwa kidogo". Kidogo!

5. Schwinn Krate

Orange Krate na wenzake, 1968 hadi 1973. Gurudumu la mbele inchi 16, la nyuma 20, mkono wa gia kama wa gari katikati ya miguu. Wanaozitafuta ni wazee waliozililia utotoni, sasa pesa wanazo, na wanazinunua kwa zaidi ya elfu moja. Mimi na wewe hatukuzililia. Tupite.

Za kabla ya 1933 zenye ringi za mbao na matairi ya kubandikwa kwa gundi, hizo ni picha za ukutani. Na usibabaishwe na majina ya kwenye beji: Elgin lilikuwa jina la Sears, Hawthorne la Montgomery Ward, Western Flyer la Western Auto. Maduka hayo hayakuwa na viwanda vya baiskeli, walibandika tu jina.

Za bei rahisi

Huffy, Murray, Schwinn Varsity. Varsity ina kilo 18 hivi na tairi lake la 27 x 1¼ linapatikana. Ukipewa kwa dola 40, chukua. Sina zaidi ya hapo.

Kuna kitu kimoja nakishukuru kipindi hiki. Zamani baiskeli hizi ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, sasa angalau mtu anasita. Na kile wanachokifanya pale, cha kuchukua vitu viwili vitatu pamoja ili bei ishuke, Wamarekani wanakiona mbinu ya ajabu. Sisi tumekua nacho kwenye fungu la nyanya. Kitumie. Raleigh yangu ya pili niliipata hivyo, niliichukua pamoja na ngazi na sufuria mbili, na hadi leo sijui ilinigharimu ngapi, ila sufuria ninazipikia.

Wiki hii kuna mtu wa Muscatine, hapa hapa Iowa, ametangaza "Raleigh ya kipindi cha televisheni, adimu sana", dola 650. Nimemwandikia kwa adabu, nikamwomba picha mbili tu, ya habu na ya maandishi ya ringi. Ametuma picha saba. Zote za kengele.