Kufunga baraza kwa vioo kwenye nyumba ya zamani Mbeya, uzoefu wangu

Wanaopita nyumbani kwa mama wananiuliza sana kile chumba cha vioo pale mbele tumekijengaje na kimekula shilingi ngapi, basi nayaweka yote hapa kwa anayefikiria kufanya hivohivo, hasa kama nyumba yako ni ya zamani maana nyumba ya zamani ina mambo yake na fundi aliyezoea nyumba mpya za bloku atakupeleka puta.

Nyumba iko Mbeya mjini, ya miaka hiyoo, kuta tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo halafu plasta ya chokaa juu, mbele ina baraza refu kama mita 6 kwa mita 2 na kitu, nguzo za mbao, sakafu ya saruji nyekundu ile inayopigwa polishi. Mama miguu inamsumbua, magoti haswa, na Mbeya mnaijua, tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa 6 na wa 7 usiku inashuka chini ya nyuzi 10 na mchana hata jua likiwaka upepo wa barazani haumwachi mtu mzima akakaa. Alikuwa anashinda sebuleni gizani na blanketi miguuni wakati jua liko hapo nje mlangoni. Nikasema hapana, tulifunge hili baraza apate jua bila upepo.

Imefanikiwa, niseme mapema, mama anashinda humo na asubuhi ya baridi ukitoka sebuleni ukaingia pale unaliona joto limekupokea. Ila kufika hapo pesa na muda vilienda kwenye vitu ambavyo hakuna fundi alinitajia mwanzo. Vioo na alminiamu ni sehemu rahisi kabisa, kazi yenyewe iko pale kitu kipya kinapogusana na nyumba kuukuu.

Kwanza jua. Baraza letu linaangalia kaskazini, upande wa mlima Loleza, na hii ndio bahati yetu kubwa. Mbeya tuko kusini ya ikweta kama digrii 9 kwahiyo mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini likiwa limeinama, saa sita mchana haliko utosini, linaingia chini ya paa na kulala kwenye sakafu. Ikifika mwezi wa 12 jua limeshahamia kusini na lile paa linavifunika vioo vya mbele, yaani wakati unataka joto unalipata na wakati hulitaki paa linakukinga lenyewe bila kununua kitu chochote. Kama baraza lako linaangalia magharibi hesabu yako ni tofauti kabisa, jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili linaingia usawa wa macho na paa halisaidii, sisi kipande cha pembeni upande wa magharibi mwezi wa 9 na wa 10 kinatutesa mpaka leo na ni kipande kidogo tu. Na kwa ndugu zangu wa Dar nawaambia kwa upendo, hiki kitu msikiige, joto la pwani linataka upepo upite, wekeni wavu wa mbu na grili muache hewa itembee.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wa alminiamu alikuja na futi akapima akasema "dada hii ndogo, fremu tunazifunga ukutani na kwenye sakafu, wiki hii hii umemaliza". Nashukuru Mungu siku anayoanza kutoboa alikuwepo mzee mmoja mwashi aliyekuja kuangalia bomba la maji. Drili ilivyoingia ukutani ilikuwa inamwaga vumbi jekundu tu, udongo mtupu kati ya tofali na tofali, ukiweka plagi ya skrubu ukaisukuma kwa kidole inazama yote na ukiivuta inatoka na kipande cha plasta. Mzee akasimama pale akasema "mwanangu huu ukuta usiutundikie kitu, umekaa miaka yote hii kwa sababu hakuna aliyeusumbua". Halafu akatuonyesha sakafu, ule ukingo wa nje wa baraza una ufa mrefu toka nguzo mpaka nguzo, maana zamani baraza lilikuwa linamwagwa zege peke yake baada ya nyumba kuisha, halijashikana na msingi wa nyumba hata kidogo, likititia linatitia kivyake. Ukijenga kijiukuta juu ya ule ukingo na kuweka vioo unakuwa umeviweka kwenye kitu kinachotembea. Na huku kwetu ni bonde la ufa, mitetemeko sio hadithi, nyumba zenyewe hizi hazina lenta ya kuzunguka, ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote pamoja, kwahiyo kila ukuta unacheza na njia yake.

Alichofanya mzee ni kuchimba msingi mpya mwembamba nje kidogo ya ule ukingo, akajenga kijiukuta cha kama sentimita 60 chenye nondo na mkanda mdogo wa zege juu, pembeni akasimamisha nguzo za chuma zenye miguu yake ardhini, fremu zote za alminiamu zikashikwa na hizo nguzo na kijiukuta. Ukuta wa zamani hauna skrubu hata moja. Pale nguzo mpya inapokaribiana na ukuta ameacha nafasi ya kama sentimita moja na nusu, ndani imejazwa sponji na juu silikoni, kila upande unatikisika bila kumvuta mwenzake. Hii iliongeza gharama kweli na nilinuna kidogo lakini mpaka sasa plasta ya ndani haijapata ufa mpya hata mmoja, na naenda kuangalia mara kwa mara kwa sababu nyumba hii nimekulia na naipenda.

Fundi alminiamu sasa, kazi yake ni safi kwa macho, kona zimekaa sawa, kioo ni cha milimita 6 kama tulivokubaliana, lakini alituachia matatizo mawili na kuja kuyarekebisha ilikuwa ni kumpigia simu mpaka uchoke. La kwanza fremu za juu alizibana kabisa na boriti ya mbao inayobeba paa. Mbao ya zamani mvua zikianza inavimba na paa likilowa linaongeza uzito, boriti ikashuka kidogo tu, slaidi moja, yale madirisha ya kusukuma pembeni, ikagoma kufunguka na kioo kimoja cha kudumu kikapiga ufa kuanzia kwenye kona. Ilibidi ashushe fremu aache upenyo juu kisha aufunike na mkanda wa alminiamu ulioshikwa upande mmoja tu. Ukiongea na fundi wako mwambie wazi fremu isibebe paa, paa lina nguzo zake.

La pili ni maji. Ile njia ya chini ambapo slaidi zinatembea inatakiwa kuwa na vitundu upande wa nje ili mvua ikipiga kioo na kuteremka itoke nje, yeye hakutoboa. Mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa 11 ile njia ilijaa kama mfereji halafu ikamwagikia ndani, nilikuta mama amepanga matambara toka mwanzo mpaka mwisho wa ukuta. Kutoboa vitundu ni kazi ya nusu saa tu jamani. Kabla hujalipa hela ya mwisho chukua jagi la maji mimina kwenye ile njia uangalie yanatokea wapi, yakitokea ndani pesa ibaki mfukoni.

Hewa pia. Madirisha ya slaidi yanafunguka nusu tu, upande mmoja lazima ubaki umefungwa, na joto linakaa juu karibu na dari ambako slaidi haifiki. Tuliomba mstari wa luva, vile vipande vya kulala vinavyofunguka na kufungwa, juu ya slaidi na kwa maoni yangu hizo luva ndio pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, mchana ukifungua luva na slaidi moja ya chini hewa inapanda inatoka. Bila hivo saa saba mchana hukai. Asubuhi vioo vinatoka jasho kwa ndani kwa sababu nje kuna baridi na ndani kuna pumzi na unyevu wa nguo, ukifungua luva kidogo panakauka. Na kumbuka vyumba ambavyo madirisha yake yalikuwa yanafungukia barazani sasa vinapumulia humo humo, sebule yetu imepungua mwanga kidogo, tukapaka rangi nyeupe ukuta wa ndani ya baraza ikasaidia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukishafunga baraza USIINGIZE JIKO LA MKAA humo hata siku moja, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata kama moto umebaki makaa mekundu bila moshi. Ile gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi na huamki, na huku nyanda za juu kila msimu wa baridi watu wanajifungia na jiko. Zamani mama alikuwa anaota moto pale barazani na hapakuwa na shida maana palikuwa wazi, sasa ni chumba, tumelihamishia jiko jikoni na amekubali baada ya kumweleza kwa taratibu. Usiku tunafunga mlango wa kati na mapazia mazito kwa sababu kioo cha tabaka moja hakishiki joto, jua likizama nusu saa tu baridi imerudi.

Kingine kwa wenye nyumba zenye mabati yale ya kijivu ya asbesto, yapo mengi kwenye nyumba za zamani, fundi asiyakate wala kuyatoboa ili kuunganisha paa jipya, vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Sisi paa ni bati la kawaida tukaliacha kama lilivyo. Na kibali cha ujenzi kafuateni jiji mapema, ukiwa unasogea mbele kuelekea barabarani hata kidogo watakuja tu.

Gharama yote imefika kama milioni 4 na nusu, zaidi ya nusu ni alminiamu na vioo, inayobaki ni msingi, nguzo, rangi na mlango. Mlangoni tumeweka kioo tempa kwa sababu wajukuu wanakimbia hapo, kikivunjika kinakuwa punje punje sio mapanga, ila lazima uagize kikiwa na kipimo kamili maana kikishachomwa hakikatwi tena. Fundi alminiamu nampa 3 kwa 5, mikono anayo ila akishapokea hela simu hapokei. Mzee mwashi 5 kwa 5, na ningekuwa na 6 ningempa.

Mama ameshaanza kuanikia maharage na ulezi humo wakati wa mvua, nguo za wajukuu zinakauka siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni kile kipande cha magharibi, nataka nitoe kioo cha juu niweke luva na nje nipandishe mpasheni utambae uzibe jua la jioni, mzee anasema msingi wa pale unaubeba bila shida, tunasubiri mvua zikatike aanze.