Kamati ya harusi ndani ya Google Docs: uzoefu wangu wa miezi minne

Namba 14 ilikuwa ya watu wawili. Kila aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi hapa Dar anajua ninachosema. Unatuma orodha ya ahadi kwenye kundi la WhatsApp, anayefuata anaikopi, anaongeza jina lake na kiasi chake chini, anaipesti. Siku hiyo shangazi na mjomba waliikopi orodha ile ile ya watu 13 ndani ya dakika moja, kila mmoja akajiandika wa 14. Aliyefuata akakopi ya mjomba. Hapo shangazi na laki yake moja wakawa wameshapotea, na hakuna aliyejua mpaka kwenye kikao, aliponiuliza mbele ya watu kama hela yake ina nuksi.

Kosa halikuwa la mtu. Ujumbe wa WhatsApp ni mali ya aliyeutuma: tangu 2023 unaweza kuurekebisha, lakini ni wewe mwenyewe tu, na ndani ya dakika 15. Hakuna njia ya mimi kuingiza mkono kwenye orodha yako nikaongeza jina langu. Kwa hiyo tunanakili, na kila nakala inakwenda na njia yake. Wiki moja tu na sisi tulikuwa na orodha nne zinazotembea kwenye kundi moja, kila moja ina watu wake.

Usiku ule ule wa aibu ya shangazi nilifungua waraka mmoja wa Google Docs, nikachora jedwali la safu nne (jina, ahadi, alichotoa, simu ya kumkumbusha), nikatuma linki. Mdogo wangu wa kiume anaoa, mimi ndiye katibu, nikasema liwalo na liwe. Huduma yenyewe ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Gmail, na watu hadi 100 wanaweza kuhariri kwa wakati mmoja. Kamati yetu ilikuwa na watu 31.

Dakika kumi za kwanza zilinifurahisha kama mtoto. Vishale vya rangi vilianza kuingia kimoja kimoja, kila kimoja na jina juu yake: binamu yangu wa Muscat wa kijani, mwenyekiti wa zambarau, mweka hazina wa chungwa. Mmoja alifungua kwa kompyuta ya ofisini bila kuingia kwenye akaunti yake, programu ikampa jina la mnyama, kama inavyowafanyia wasiojitambulisha. Basi jedwali la vinywaji likawa linahaririwa na mnyama, na kwenye kundi watu wanacheka: nani kamwachia mnyama bia? Namba 14 ikabaki moja. Aliyetaka kujiandika aliona kabisa mwenzake yuko mstari ule anaandika, akashuka wa chini yake.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo chombo cha namna hii kinabadilisha kwenye mazungumzo, na nadhani watu hawalitilii maanani. Kwenye kundi tunapanga foleni: wewe sema, nami niseme, wa tatu ajibu swali la juzi. Kufika jioni kuna ujumbe 140 na ukumbi bado haujachaguliwa. Kwenye waraka hakuna foleni. Tumekaa mkeka mmoja, karatasi iko katikati, kila mwenye kalamu anaandika anapohusika. Swali la ukumbi liko mahali pake na jibu lake liko pale pale chini yake, hata kama limejibiwa siku tatu baadaye na kaka aliyeko Dallas, ambaye sisi tukiamka yeye ndiyo anakula cha usiku.

Jambo la pili sikulitegemea. Shangazi hakuwa na raha.

Aliingia mara ya kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vinywaji, mahali palipoandikwa "soda kreti 25", akaandika: "Hamjambo wote? Poleni na majukumu. Vipi hali zenu." Mtu wa kamati ya vinywaji akafikiri ni makosa, akafuta. Shangazi yuko ndani anaangalia. Salamu yake inaliwa herufi moja moja mbele ya macho yake. Alinipigia simu saa hiyo hiyo: "Mwanangu, huku kwenu mtu akibisha hodi anafukuzwa?"

Nimeifikiria sana ile simu. Kwenye kundi la WhatsApp salamu inachosha, nakubali, watu 31 wakisema "amina" unatafuta bei ya tenti mpaka kidole kiume. Lakini salamu ndiyo inayomruhusu mtu mzima aingie kwenye mazungumzo. Waraka hauna mlango wala kibaraza, unatua moja kwa moja kwenye hesabu. Dawa niliyoipata ni ya kienyeji tu: juu kabisa ya waraka niliweka sehemu nikaiita Barazani, mtu akiingia aseme neno kwanza. Ilijaa salamu, pole, na sala mbili ndefu. Ikawa ndiyo sehemu inayosomwa kuliko zote. Nikishuka chini najua nani yupo na nani anaumwa.

Halafu likaja la baba mdogo, na hapo ndipo ningependa anayefikiria kutumia hiki kitu anisikilize vizuri.

Google Docs inaonyesha maandishi yanavyoandikwa, herufi kwa herufi. Watu tisa tulikuwa ndani jioni ile. Kishale cha baba mdogo kilisimama kwenye safu ya ahadi. Kikaandika 300,000. Kikatulia. Sifuri zikafutika mpaka ikabaki tatu, na tatu nayo ikaenda. Ikaja 200,000. Kikatulia tena, muda mrefu, kile kijiti kinapepesa tu. Wote tunakiona. Hakuna aliyeandika neno mahali popote kwenye waraka, na ukimya ule ulikuwa na masikio. Mwisho ikakaa 100,000 na kishale kikatoka.

Kwenye WhatsApp ningeona "anaandika…" halafu laki moja, ningesema asante baba, Mungu akuzidishie. Sasa nilijua kitu ambacho sikustahili kukijua: kwamba alitaka kutoa laki tatu na hakuweza. Baba mdogo ni mtu wa heshima zake, na kwenye daftari la kamati tulimkagua mfukoni bila hata kukusudia. Mtu akiwa anafikiri, anahitaji mlango wa kufunga.

Hili suala la kuonyeshana herufi si geni, lina umri kunizidi. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, kulikuwa na programu ya Talkomatic. Watu watano waliweza kuzungumza pamoja, kila mmoja ana sehemu yake ya skrini, na kila herufi ilionekana kwa wenzake palepale inapobonyezwa. Kwa hiyo mazungumzo ya papo kwa papo yalianza yakiwa wazi hivyo. Kitufe cha kutuma, ambacho leo tunakiona cha kawaida, ndicho pazia letu. Unaandika tusi, unalifuta, unatuma "sawa kaka".

Google walijaribu kulitoa pazia hilo kwa nguvu zaidi mwaka 2009 walipotangaza Google Wave, kazi iliyoongozwa na ndugu wawili, Lars na Jens Rasmussen, walewale waliokuwa nyuma ya Google Maps. Barua pepe, chati na waraka vilitiwa kwenye chungu kimoja, na mwenzako aliona unavyoandika. Septemba 30 mwaka huo wakaanza kuwaalika watu laki moja. Agosti 2010 wakatangaza hawaiendelezi tena, na 2012 ikazimwa. Sababu zilisemwa nyingi na sitazirudia hapa. Ninachoona mimi ni kwamba kilichobaki hai ni kile kipande cha waraka: mwaka huo huo wa 2010 Google Docs iliandikwa upya ili watu wahariri pamoja papo kwa papo. Kuandikiana mkataba hadharani tumekubali, kunong'ona hadharani hatujakubali.

Kwa wanaopenda kujua kinavyofanya kazi kwa ndani: tuseme wewe uko herufi ya 40 unaongeza neno, na mimi saa hiyo hiyo nafuta herufi tano mwanzoni mwa mstari. Mabadiliko yangu yakikufikia, programu inahesabu upya, 40 yako inakuwa 35, na neno lako linaangukia palepale ulipotaka. Msingi wa mahesabu haya uliandikwa 1989 na Clarence Ellis pamoja na Simon Gibbs. Huyu Ellis alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1969, na aliipata Illinois hapohapo. Ninapoona namba 14 imekaa peke yake namkumbuka.

Turudi kwenye harusi. Kitu ambacho nitakisifu bila kubania ni hali ya kupendekeza. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na rasimu ya kadi ilikuwa imeandikwa na kaka: "Familia ya Bwana na Bibi fulani wanayo furaha kukualika." Kwenye kikao mwalimu angeisoma kwa sauti, angesimama kwenye "wanayo", angetoa darasa la ngeli dakika ishirini, na kaka angenuna mpaka siku ya harusi. Kwenye waraka "wanayo" ilipigwa mstari katikati, pembeni ikasimama "inayo" kwa rangi yake, na maelezo mafupi: "Familia ni moja." Kaka akaona, akabonyeza alama ya kukubali, maneno ya zamani yakaondoka. Hakuna sauti iliyopanda. Wazee walibishana humo siku mbili kama kadi za wajane ziandikwe "Bi." au "Familia ya", na ulikuwa ubishi mzuri, wenye hoja, kwa sababu kila hoja ilibandikwa kwenye neno lenyewe. Kwenye kundi ubishi wa namna ile huishia kwa mtu kujitoa, na admini kumbembeleza arudi.

Historia ya mabadiliko nayo ilituokoa, ingawa mimi iliniumbua. Bia zilikuwa kreti 40, siku moja tukaamka ni 60. Mtu wa vinywaji akasema si yeye. Mweka hazina akaanza kuwataja watu kwa mafumbo kwenye kundi, mara "kuna wenye kiu", mara "kuna wenye wageni wao". Nikafungua historia ili nimalize mzozo kwa ushahidi. Ilionyesha jina langu, saa sita na dakika arobaini usiku. Nilikuwa nimezungumza na mwenye ukumbi kwa simu, nikaandika nikiwa nasinzia, na asubuhi sikukumbuka kitu. Niliomba radhi Barazani. Wakanitoza kreti moja ya soda.

Mapungufu yapo. Kati ya watu 31, walioandika kwa mikono yao walikuwa 11. Wengine walisoma tu, na wanne hawakufungua kabisa: simu imejaa, nywila ya Gmail haikumbukwi, au bando linaloingia WhatsApp tu. Jedwali pana kwenye kioo cha simu ni kero, unasogeza kushoto na kulia kama unayetafuta chawa. Kwa hiyo kila Jumapili jioni nilipiga skrinshoti ya jedwali nikaituma kwenye kundi, na mzee mmoja nilimsomea kwa simu. Na kundi la WhatsApp halikufa. Utani, sauti za dakika tatu, picha za vitambaa, umbea wa upande wa pili, vyote vilibaki kule, na vibaki hukohuko.

Kwa kazi ya ahadi, bajeti na maneno ya kadi, ningetoa nyota nne na nusu. Kwa mazungumzo yenyewe, ya watu na watu, mbili. Labda moja na nusu kama kuna wakwe.

Harusi imepita salama, kamati tumeivunja kwa mbuzi wawili. Wiki iliyopita majirani wanaoanza kamati yao waliniomba linki ili waige jedwali. Niliwatengenezea nakala tupu: Barazani nimeiacha juu, vinywaji, ukumbi, mapambo, kadi. Safu ya ahadi nimeifuta. Mahali pake nimeandika namba ya mweka hazina, mpigie.