ST4000+ au EV-100: ipi ya mtumba inafaa Ziwa Victoria?

Ukisafiri Entebbe hadi visiwa vya Ssese na watu wawili tu chomboni, otopailoti ya usukani wa gurudumu, yaani kifaa kinachoendesha usukani chenyewe, inakupa nafasi ya kutazama tanga, mitumbwi na mawingu. Mtumba wa kampuni ya Raymarine mara nyingi ni ST4000+ ya zamani au EV-100. Zote mbili hutumia volti 12, na zimekusudiwa mashua isiyozidi kilo 7,500 ikiwa na mizigo yake yote. Pima kwa uzito huo. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za kiwandani haujahesabu maji, mafuta na nanga.

ST4000+ kwa kawaida ni nafuu zaidi, ila kagua sehemu inayofungwa kwenye usukani. Ndani yake mna mkanda na klachi, na vyote huchakaa. Omba iwashwe mbele yako, izungushwe kushoto na kulia. Ikiteleza au kusaga, iache. Hakikisha pia dira yake ya umeme imo kwenye boksi, maana wauzaji huisahau, na bila hiyo kifaa hakishiki uelekeo.

EV-100 hujifunza mashua yenyewe. Kihisi chake hupima pia mayumbo, hivyo mawimbi yanaposukuma kutoka nyuma huwahi kurekebisha.

Ningechukua EV-100 iliyokamilika. Ila ukipata ST4000+ yenye mkanda mzima, inunue bila wasiwasi: maji yetu hayana chumvi ya kula waya. Dhoruba ikija, shika usukani mwenyewe, iwe ipi.